Fundi Aliyeitwa kwa Jina

Somo la wiki: Kutoka 35:30 hadi 36:7



Kabla ya kumfikia Bezaleli, fundi wa somo letu, inafaa turudi Misri kidogo, kwa sababu mikono iliyoshona mapazia ya hema ya kukutania ni ileile iliyokuwa ikifyatua matofali ya Farao. Sura ya kwanza ya Kutoka inataja miji miwili ya ghala waliyoijenga, Pithomu na Ramesesi. Sura ya tano inaeleza jinsi kazi ile ilivyoendeshwa. Palikuwa na wasimamizi na palikuwa na hesabu. Musa na Haruni walipoomba watu waruhusiwe kwenda jangwani kumfanyia Mungu sikukuu, Farao alijibu kwa kuwanyima majani makavu ya kuchanganya na udongo. Wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Walipolia, akasema ni wavivu tu, ndiyo maana wanataka kwenda kutoa dhabihu.

Nimekuwa nikiitafakari ile hesabu. Kijana mwenye kipawa angeweza kumtumikia Farao tangu utotoni hadi mvi zimtoke bila mtu yeyote kujua kwamba ana kipawa, hata yeye mwenyewe asijue. Tofali hutoka kwenye kalibu likiwa sawa na la jirani, na likitoka tofauti hutupwa. Msimamizi haulizi nani amelifyatua, anauliza yamefika mangapi. Wako kati yetu wanaoishi hivyo mpaka leo, kiwandani, dukani, ofisini mbele ya kompyuta, hata darasani ambako mwalimu ana watoto wengi kuliko madawati. Jioni wanaulizwa idadi. Kwa hiyo mtu anaposimama mimbarini na kusifu kazi unayoipenda, nusu ya waliokaa kwenye mabenchi huinamisha macho, na wana haki.

Sasa twende Sinai. Watu wametoka utumwani, wana dhahabu na fedha walizopewa na Wamisri usiku ule wa kuondoka, wana vitambaa, wana ngozi, na wanaambiwa kwamba kuna kazi nyingine ya kujenga. Sijui kama wapo waliogopa waliposikia neno lenyewe, kazi. Mimi ningeogopa. Lakini angalia jinsi inavyoanza. Musa anaukusanya mkutano wote na kutaja jina la mtu: Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila la Yuda. Mungu amemwita huyo kwa jina lake. Kisha linatajwa jina la pili, Oholiabu mwana wa Ahisamaki, wa kabila la Dani. Hao ndio mafundi wakuu. Katika habari nzima ya matofali hakuna fundi hata mmoja aliyetajwa jina.

Na kuna la kushangaza zaidi. Bezaleli ndiye mtu wa kwanza katika Biblia anayesemwa kwamba Mungu amemjaza roho yake. Kwa Yusufu, Farao wa wakati ule alitambua kwamba roho ya Mungu imo ndani yake, lakini neno la kujazwa linakuja kwa mara ya kwanza kwa fundi. Halikuja kwa Ibrahimu wala kwa Musa mwenyewe. Na amejazwa ili afanye nini? Orodha iko wazi: abuni kazi za ustadi, afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito vya kutiwa mahali pake, achonge miti. Huwa tunasema dada fulani amejazwa Roho tukimsikia akiomba kwa sauti kuu usiku wa mkesha. Ni sawa. Ila Kutoka inatutaka tuseme hivyohivyo juu ya mtu aliyeinama juu ya ubao akiupiga randa, kimya, akiangalia nyuzi za mti zinakwenda upande gani.

Sisi viongozi wa kanisa tumechelewa kulisema hili. Tuna ibada ya kuwabariki wainjilisti, ibada ya kuwaingiza kazini wazee wa kanisa, na kila mwenye sauti nzuri tunamkimbiza kwenye kwaya. Fundi tunamtafuta paa linapovuja. Wazazi nao hufuata mkondo huohuo. Mtoto akipasi anatafutiwa kidato cha tano, na akifeli ndipo neno VETA linatamkwa, tena kwa unyonge, kama vile ufundi ni mahali pa kuhifadhi waliokosa. Watu wa Nazareti walifanya hesabu hiyo kabla yetu. Kwa Marko sura ya sita, kumtaja Yesu kuwa ni seremala kulikuwa njia yao ya kusema kwamba hana jipya la kuwafundisha.

Nirudi kwa vijana, maana wao ndio wanaonijia na swali hili. Wanauliza watajuaje kazi waliyoitiwa. Wengi wamekwisha kusikiliza wahamasishaji kwenye simu zao, na jibu la wahamasishaji ni moja: tafuta unachokipenda, mengine yatafuata. Jibu hilo lina utamu, lakini limetoka kwa mtu aliyeshiba. Mama anayekaanga samaki alfajiri ili ada ipatikane hakuanza kwa kuuliza anapenda nini. Tena jibu hilo linadhani kwamba mapenzi ya kazi huja kwanza, yakiwa yamekomaa, kisha mtu akatafute kazi inayofanana nayo. Sivyo ninavyowaona mafundi. Muulize fundi cherehani mzuri alivyoanza, atakuambia alipelekwa tu kwa mjomba kwa sababu nyumbani hapakuwa na la kufanya. Miezi ya mwanzo alikuwa akifagia vipande vya vitambaa, kuchochea mkaa wa pasi na kutia vifungo. Siku nyingine alichukia. Kisha ikafika siku kola ikakaa sawasawa shingoni mwa mteja, na mteja akajitazama kwenye kioo mara mbili. Hapo kitu kikaingia. Mapenzi yalikuja kupitia vidole, yakapanda taratibu.

Hata Bezaleli hakujichagulia. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alikuwa na hamu ya kutengeneza sanduku la agano. Aliitwa, akakabidhiwa vipimo. Na vipimo vyenyewe vinachosha kuvisoma, nakiri ndiyo maana kalenda ya kusoma Biblia kwa mwaka hukwama katikati ya kitabu hiki. Mapazia ya ndani ni kumi, kila moja dhiraa 28 kwa dhiraa 4. Tanzi 50 huku na tanzi 50 kule. Mbao za mshita, kila ubao dhiraa 10 kwenda juu na dhiraa moja na nusu upana, zenye ndimi mbili za kuunganishia. Sanduku lina kipimo, meza ina kipimo, madhabahu zote mbili zina vipimo.

Lakini ukifika kwenye kinara cha taa, kipimo hakipo. Tunaambiwa kitoke katika talanta moja ya dhahabu safi, kiwe kazi ya kufua, kiwe kitu kimoja na matawi yake sita, kiwe na vikombe mfano wa maua ya mlozi, pamoja na matovu yake na maua yake. Urefu haukutajwa. Hata birika la shaba la makuhani kunawia halikupewa ukubwa, na ni birika hilohilo ambalo sura ya 38 inasema lilitengenezwa kwa vioo vya shaba vya wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Makerubi nao: tunajua wanatazamana, tunajua mabawa yao yamefunika kiti cha rehema, lakini nyuso zao zilifananaje? Bezaleli alilazimika kuamua. Alisimama mbele ya dhahabu, nyundo mkononi, na katika amri zote alizopewa kulikuwa na nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili yake.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya Mungu na Farao. Kazi ya Mungu nayo ilikuwa na vipimo, na ilikuwa na vipimo vingi kweli, wala asidhani mtu kwamba uhuru wa fundi ni kufanya apendavyo. Mbao zisipolingana hema haisimami. Ila ndani ya vipimo hivyo Mungu aliacha maua ya mlozi yawe ya mtu fulani mwenye jina.

Na kuna siku ya saba. Katika sura ya 31, mara tu baada ya kuwataja Bezaleli na Oholiabu na vyombo vyote vitakavyotengenezwa, Mungu anaendelea moja kwa moja na amri ya sabato. Katika sura ya 35, Musa anapowaita watu walete vitu na waje kazini, anaanza na sabato kabla ya kutaja hata uzi mmoja. Kupumzika, ambako Farao alikuita uvivu, hapa kumo ndani ya mkataba wa kazi, tena kazi takatifu kuliko zote. Nawaambia hivi hasa ninyi mnaoipenda kazi yenu. Anayeichukia kazi hupumzika bila kuambiwa. Anayeipenda ndiye anayekesha kwenye cherehani wiki nzima kabla ya Krismasi, macho mekundu, akisema nguo za watoto wa watu haziwezi kungoja, na watoto wake mwenyewe wanamwona kwa nyuma tu, mgongo na taa.

Nataka sasa niwataje wanaume wawili wa kwetu, waliozaliwa Tanganyika mwaka mmoja, 1932. Wa kwanza ni Elimo Njau, mtoto wa Marangu, mlimani kwetu. Alisoma sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, na mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa bado kijana, Waanglikana wa Murang'a nchini Kenya wakamkabidhi kuta za kanisa lao. Mji huo wakati wa mkoloni uliitwa Fort Hall. Kanisa lenyewe, la Mtakatifu Yakobo, lilikuwa linajengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni Oktoba 1952. Historia hiyo ina majeraha pande zote, na kuta za ukumbusho wa namna hiyo si mahali rahisi pa kumpa kijana brashi.

Njau alichora picha kubwa tano, tangu kuzaliwa kwa Yesu mpaka kusulubiwa. Yesu wake ni mweusi. Wanaomzunguka ni Waafrika, na nchi wanayokanyaga ni nchi ya pale, vilima na miti ambayo muumini akitoka nje ya mlango anaiona. Lazima tukumbuke wakati wenyewe. Picha za Yesu zilizokuwa kwenye kalenda, kwenye kadi za shule ya Jumapili na kwenye kuta za misheni zilikuwa za mtu wa Ulaya mwenye nywele za kumetameta. Kwa wengi huyo ndiye aliyekuwa Yesu, hapakuwa na mwingine. Njau angeweza kunakili picha hizo vizuri sana, na pengine wapo ambao wangempenda zaidi. Baadaye, mwaka 1965, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi, na wasanii wanaofika huko wanamjua kwa onyo lake kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi.

Ninalotaka tulione ni hili: kuna kanisa lililokubali. Kuna wazee walioketi, wakamsikiliza kijana mgeni, tena Mtanganyika, wakamwachia ukuta mtupu. Tunapenda kumsifu msanii na kuwasahau waliompa ukuta. Bezaleli naye asingefua chochote kama watu wasingeleta dhahabu.

Wa pili ni Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Huyu hakufika Makerere. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akafanya kazi za nyumbani na vibarua vingine. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora kwa alichokipata: vipande vya hadibodi vya mafundi ujenzi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Wanyama, ndege, mbuyu. Picha ziliuzwa Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu anayekimbia. Kazi yake yote ni ya miaka minne hivi.

Miaka minne, na jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima. Imekuwaje? Alifundisha. Aliwaita ndugu zake na vijana wengine wachache wakae naye chini ya mti, wakachora pamoja, na alipokufa wao walikuwa wanajua. Nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaanzishwa. Sasa rudi kwenye somo letu, mstari wa 34 wa sura ya 35. Mungu alimtia Bezaleli moyoni mwake neno la kufundisha, yeye na Oholiabu. Ustadi na kufundisha vimetajwa kwa pumzi moja.

Hapo mnaweza kuniuliza swali, na ni swali zuri. Njau anaonya tusiige, na Tingatinga ameacha nyuma yake wachoraji wengi wanaoigana, mpaka twiga wa duka hili ni ndugu pacha wa twiga wa duka la pili. Nani yuko sahihi? Nadhani mwanafunzi asiyeiga hajifunzi. Mtoto huiga mama yake anavyoshika mwiko, na Oholiabu bila shaka alianza kwa kutazama mkono wa mtu mwingine. Lakini ukiwa fundi wa miaka mingi na bado unatengeneza kochi lilelile kwa picha ileile uliyoikuta ukutani siku unaajiriwa, umerudi kufyatua matofali, ila safari hii hakuna Farao aliyekulazimisha. Wateja ndio wanaotaka, utaniambia. Ni kweli, na lazima watoto wale. Basi wape wateja makochi yao, na ujiwekee hata kiti kimoja pembeni ambacho unakijaribu kwa namna yako, kwa mabaki ya mbao, jioni.

Kuhusu kufundisha, kuna hadithi inayosimuliwa Unguja kila mgeni anapoingia katika kanisa kuu la Waanglikana pale Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Wanasema Askofu Edward Steere alikuwa safarini, na aliporudi akakuta baadhi ya nguzo zimesimamishwa juu chini. Zimeachwa hivyo hadi leo, na wageni huzicheka. Mimi sicheki sana. Wale waliozisimamisha hawakuwa wamewahi kuona nguzo ya namna hiyo. Walipewa mzigo wa kuinua, na kwa kadiri ya hadithi yenyewe hakuna aliyewaketisha akawaonyesha mchoro, akawaambia kichwa ni kipi na mguu ni upi. Zimesimama imara, tena kwa zaidi ya miaka mia. Nguvu walikuwa nazo, na uangalifu pia. Walichonyimwa ni kuelezwa.

Linganisha na nguzo za hekalu la Sulemani, zile mbili za shaba zilizoitwa Yakini na Boazi. Aliyezitengeneza ni Hiramu wa Tiro, mtoto wa mjane wa kabila la Naftali, na baba yake alikuwa mfua shaba. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya saba, kinasema naye alijawa na hekima na akili na ustadi, maneno yanayomkumbusha msomaji habari ya Bezaleli. Kila nguzo ilikuwa na urefu wa dhiraa 18, na juu yake taji ya dhiraa tano. Huko juu kabisa, zaidi ya mita kumi kutoka chini, Hiramu aliweka safu za makomamanga, na juu ya yote kazi ya mayungiyungi. Nani angeyaona mayungiyungi yale vizuri? Mwenye kuja kuabudu akiinua shingo angeona mng'ao tu. Hata hivyo ndipo mwandishi anaposema kazi ya nguzo ilitimia, alipofika kwenye maua.

Hiki ndicho kipimo changu cha kazi inayopendwa, kuliko furaha usoni pa anayeifanya, maana furaha huja na kwenda na kodi ya pango. Mpenda kazi hujulikana kwa anachofanya mahali ambapo halipwi na haonekani. Geuza gauni upande wa ndani. Vuta droo ya kabati uitazame kwa nyuma. Mtazame mpishi wa ubwabwa wa msiba, anayejua kwamba waliokuja wana huzuni na wangekula chochote, lakini anaondoa mawe kwenye mchele punje kwa punje. Pale Yafa, Dorkasi alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia huku wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Hawakusimulia maneno yake, na hakuna sentensi moja ya Dorkasi iliyoandikwa. Walinyoosha nguo mbele ya mtume ili azione.

Lazima niseme neno juu ya ndama wa dhahabu, kwa sababu amekaa katikati ya habari hii. Kati ya kuitwa kwa Bezaleli mlimani na kuanza kwa kazi, watu walileta pete za masikio za dhahabu, Haruni akazitengeneza kwa patasi, ikatoka sanamu. Dhahabu ya watu walewale, patasi ya fundi. Alipoulizwa na Musa, Haruni alijitetea kwamba aliitupa tu dhahabu motoni, akatoka huyu ndama. Kila fundi aliyepo kanisani hucheka akisikia utetezi huo. Hakuna kitu kilichowahi kujitokea chenyewe motoni kikiwa na pembe na kwato. Unachokitengeneza ni chako, na ukitengeneza stakabadhi za uongo kwa kompyuta yako nzuri, au ukipaka vanishi juu ya ubao uliotobolewa na wadudu, usimwambie mteja kwamba mashine ndiyo ilivyotoa.

Mwisho ni habari ya fedha, ambayo tukiiacha tafakari hii inakuwa maneno matamu tu. Kanisa lina tabia ya kumwendea fundi na kumwambia kazi hii ni ya Bwana, kwa hiyo apunguze, au angoje mavuno, au achukulie kuwa ni sadaka. Kama fundi mwenyewe ametoa kwa moyo, Mungu amrudishie. Somo letu linasema wazi kwamba wako ambao moyo wao uliwahimiza. Walileta vitu kila asubuhi mpaka mafundi wakaacha kazi wakamwendea Musa kumwambia vimezidi, na Musa akapiga mbiu kambini watu waache kuleta. (Sijawahi kuliona hilo katika mnada wa mavuno wa usharika wowote, lakini naendelea kutumaini.) Ila sadaka hutolewa na mwenye nayo, haiamriwi na kamati ya ujenzi. Siku za mfalme Yoashi, hekalu lilipokarabatiwa, fedha zilipimwa na kupitia kwa wasimamizi zikalipwa maseremala, waashi na wakata mawe, tena Wafalme wa Pili sura ya 12 inaongeza kwamba wale waliokabidhiwa fedha za kuwalipa hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walikuwa waaminifu.

Nanyi mafundi, mstari huo unawahusu kwa upande mwingine. Ninyi ndio mliotufundisha maana ya kuambiwa njoo kesho. Kuna mabibi harusi wa usharika huu waliovaa gauni lenye pindo la pini kwa sababu arubuni ililiwa Jumatatu na kazi ikaanza Ijumaa usiku. Mtu asiyedaiwa hesabu kwa kuwa anaaminika ni utajiri ambao hakuna benki inayoutoa. Anzeni kwa kupokea kazi chache.

Wiki hii nina ombi kwa kila nyumba. Somo la familia liwe Kutoka sura ya 39, mpaka mstari wa mwisho, ambapo Musa anaikagua kazi yote, anaona wameifanya kama Bwana alivyoagiza, na anawabariki. Alikagua kwanza. Kwa hiyo ukienda kuchukua nguo, kiti au sufuria iliyozibwa, ikague kwa ndani mbele ya aliyeifanya, mwambie kwa jina lake ni wapi palipokupendeza, na umalizie deni lake siku hiyohiyo. Na wazazi wenye watoto waliomaliza darasa la saba na kidato cha nne, Jumapili ijayo baada ya ibada tutakaa na mafundi watano wa usharika chini ya mwarobaini, kabla ya mnada. Waje watoto wote, waliofaulu na waliofeli, na anayechora, kuchonga au kushona aje na kitu alichokitengeneza, hata kama hakijaisha.